Pipa la Potashi

Mwambire alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Jedida kuliko jambo jingine lolote katika faili lile. Kituoni mtu akikiri kila mmoja hupumua. Mkuu wa kituo huagiza chai, karani hutafuta bahasha, na kiongozi wa mashtaka huanza kuzungumza na watu kwa upole. Jedida alikuwa amefanya kazi ya upelelezi miaka ishirini na miwili, sita ya mwisho hapa Malindi, na ungamo hilo alikuwa amelisoma mara saba. Lilikuwa la mistari minne tu. Mwambire alisema alichota tindikali kwa jagi, akaimwaga ndani ya pipa la potashi, na pipa likamlipukia Kambi, mume wa dada yake, usoni. Walikuwa wamegombana siku moja kabla kwa sababu ya pikipiki.

Kambi alifia hospitalini siku ya tatu, macho na koo vimeungua. Korti iliwapa polisi siku kumi na nne za kumweka Mwambire rumande huku upelelezi ukikamilishwa. Siku hizo zilikuwa zinaisha Jumatatu, na Jumatatu hiyo angesomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Akilikubali, kama alivyoapa kulikubali, hakuna mtu angeuliza swali tena. Leo ilikuwa Ijumaa.

Saa nne asubuhi Jedida alisimama katika chumba cha kuchanganyia, kiwandani nje kidogo ya Gongoni, amevaa glavu za mpira zilizomzidi vidole. Kiwanda chenyewe kilikuwa ghala kuukuu la chumvi lililopakwa rangi mpya upande unaotazama barabara tu. Uani kulikuwa na malundo ya makaa ya mawe machanga yaliyoletwa na malori kutoka bara, ya rangi ya kahawia, yanayomomonyoka ukiyashika. Kwa kuwashia moto hayafai kitu. Lakini ndani yake mna humiki, kile kiini cheusi cha mimea iliyooza zamani ardhini, na wakulima wa Magarini waliitafuta sana kwa sababu mchanga wao haushiki mbolea wala maji.

Kando yake alisimama Linet, mkemia wa kiwanda. Siku moja baada ya Kambi kuungua, meneja alimpa Linet likizo ambayo hakuiomba, naye Linet akaenda kwao Kakamega. Polisi wa kwanza hawakumhoji. Jedida alipokabidhiwa faili Jumatatu aliona pengo hilo mara moja, akampigia simu, na msichana wa watu akapanda basi.

"Nieleze kazi kama unayemfundisha mwajiriwa mpya," Jedida alisema. "Usiruke kitu."

"Makaa husagwa yakawa unga, afande. Tangi hujazwa maji ya moto. Potashi kali, vile vipande vyeupe, hutiwa humo kidogo kidogo, halafu unga wa makaa. Tunakoroga kwa muda wa saa nne. Potashi ndiyo inayoitoa humiki kwenye makaa, na maji yanakuwa meusi tititi. Tunayaacha yatulie hadi kesho yake, tope linashuka chini, tunayakinga yale ya juu. Hayo ndiyo wakulima wanayonunua."

"Na tindikali inaingilia wapi?"

"Kwa ile ya unga tu. Ukitia tindikali kwenye maji meusi, humiki inaganda na kuzama. Tunaichuja, tunaikausha. Hiyo tunafanya mara moja kwa mwezi."

"Mara ya mwisho?"

"Tarehe tatu. Kambi aliungua tarehe nane, Jumamosi."

"Nionyeshe tindikali yenyewe."

Ilikuwa nyuma ya nyavu za chuma, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Linet pamoja na msalaba mdogo. Siku ile ya tarehe nane ufunguo ulikuwa wapi? Hapo hapo shingoni. Kulikuwa na wa pili? Kwa meneja. Madumu kumi na moja yalikuwa na lakiri zake. La kumi na mbili lilikuwa limefunguliwa, na ubavuni mwake Linet alikuwa amechora mistari kwa kalamu nzito, kila mstari na tarehe yake, kuonyesha kina baada ya kila matumizi. Jedida alichuchumaa, magoti yakalia. Mstari wa mwisho ulikuwa wa tarehe tatu. Tindikali ilikuwa imegusa mstari huo barabara.

"Mtu anaweza kuchota kisha akajazia maji."

Linet hakubisha. Alileta kipimo cha kioo kama kile cha mafundi wa betri, akakizamisha, akamwonyesha namba. Kisha akafungua daftari na kumwonyesha namba iliyoandikwa tarehe tatu. Zilikuwa sawa. Jedida alizipiga picha zote mbili, akamfanya Linet atie sahihi na saa.

Kwa hiyo hakuna tone lililochotwa. Mwambire alikuwa amekiri kosa lisilowezekana, na sasa alibaki akiwa mwongo wa aina mbaya zaidi, yule anayejidhuru mwenyewe. Jedida alizijua sababu za watu wa namna hiyo. Zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa na jina la mtu.

"Basi potashi hii kitu gani huifanya iruke?"

Linet alinyoosha kidole ukutani. Nyuma ya magunia yaliyopangwa hadi kifuani kulikuwa na bango, maandishi mekundu, Kiingereza kitupu. Jedida alisogeza magunia mawili akalisoma lote: potashi itiwe ndani ya maji, kamwe maji yasitiwe juu ya potashi.

"Inapata moto ghafla," Linet alisema. "Maji yanachemka papo hapo, yanaruka juu pamoja na potashi. Wachanganyaji wote niliwafundisha kwa mdomo wangu. Kambi alijua. Hata Mwambire wa stoo alijua, maana ghala likivuja, pipa lililolowa huwa moto."

Pipa lenyewe lilikuwa bado pembeni, limezungushiwa utepe wa polisi. Potashi iliyobaki ndani ilikuwa imeshikana ikawa pande moja gumu. Linet alisema lilikuwa limesahauliwa wazi wiki nzima, na hewa ya pwani huinyeshea potashi hata bila mvua. Katikati ya pande hilo kulikuwa na shimo lililochimbwa, na kando yake nondo iliyopinda. Jedida aliishika nondo kama mtu anayechimbua. Ilimlazimu kutumia mikono miwili na uzito wa mwili wote, uso ukiwa juu ya mdomo wa pipa.

Mtu aliyeshika nondo hivyo hakuwa na mkono wa kumiminia maji.

"Inspekta! Bado mko hapa?"

Oliver, meneja, aliingia bila hodi. Alikuwa mtu wa bara kama Jedida, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye vumbi lile.

"Mtu amekiri, si ndiyo? Mimi nimefungiwa kiwanda wiki mbili. Mvua inakuja, wakulima wanataka dawa. Hii mambo inaniharibia msimu."

"Tarehe nane ulimwambia nini Kambi asubuhi?"

"Nilimwambia afanye kazi."

"Ulimwambia kwa maneno gani?"

Oliver alitazama viatu vyake. "Kwamba tangi liwe tayari kabla ya saa sita. Lori lilikuwa linangoja."

"Na potashi iliyoganda?"

"Nikamwambia aivunje. Pipa jipya lingechukua siku tatu kufika."

"Peke yake?"

"Atafute mtu wa kumsaidia. Inspekta, kuvunja kitu kilichoganda si kosa la jinai."

Alikuwa amesema kweli, na Jedida alimchukia kwa hilo. Hakuna kifungu cha sheria ambacho angeweza kukiandika mbele ya jina la mtu huyu kikakaa. Mauaji yangemfaa Oliver sana. Ajali ya kazini ndiyo ingemletea wakaguzi. Ndiyo maana mkemia alikuwa amepewa likizo.

Jedida alitoa kutoka mkobani mfuko wa nailoni wenye namba ya ushahidi. Katika orodha kilichomo kiliandikwa "kikombe chakavu". Kilikuwa kopo la alumini lenye mpini wa waya, limeliwa matundu upande mmoja. Polisi wa kwanza walikuwa wamelikuta chini ya meza.

"Hili si letu," Linet alisema. "Alumini haiingii chumba hiki, potashi huila. Na kuila namna hii upesi, ni lazima ilikuwa ya moto."

Oliver alisema makopo ya namna hiyo yamejaa sokoni. Jedida alilichukua kopo hadi langoni, ambako askari mmoja mzee, mwenyeji wa Gongoni, alikuwa akikung'uta mchanga kwenye kiatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibie."

"Kitu hiki unakifahamu?"

Mzee alikitazama bila kukigusa. "Hilo kopo la chumvi. Si unaona mpini wake? Wanawake wa mashamba ya chumvi huyatengeneza wenyewe, ili mkono usiguse maji makali. Chumvi ikishika ukoko, mmoja hupiga sururu, mwenziwe humiminia maji pale panapopigwa. Ukoko hulegea. Hata mtoto wa hapa ajua."

"Na hapa kiwandani, nani alitoka kwenye chumvi?"

"Wanaume hawa wengi ni wa pikipiki na wa shamba. Wa chumvi ni mmoja tu, yule mshona magunia. Maskini, mjane wa marehemu Kambi."

Jedida aliandika maneno yale jinsi yalivyosemwa, akamshukuru.

*

Saa saba alikuwa Malindi, katika chumba cha mahojiano, na Mwambire aliletwa akiwa hana mshipi wala kamba za viatu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mrefu, aliyekonda ndani ya wiki mbili hadi shati likawa la mtu mwingine.

"Jagi ulilochotea tindikali lilikuwa la rangi gani?"

"Jekundu, mama."

"Ulilitoa wapi?"

"Stoo."

"Kufuli ya tindikali uliifunguaje?"

"Ilikuwa wazi."

"Nionyeshe mikono."

Aliiweka mezani. Viganja vilikuwa na makovu mabichi ya waridi, vyote viwili, mpaka kwenye vifundo. Kuanzia hapo kupanda juu ngozi ilikuwa safi kabisa. Jedida alimgeuza mkono mmoja, kisha wa pili. Mtu aliyembeba mwenzake aliyelowa potashi huungua hivyo, viganjani. Mtu aliyesimama mbele ya pipa likifoka huungua nje ya mkono, na matone hupanda hadi kwenye kiwiko.

"Tindikali haijaguswa, Mwambire. Nimepima leo. Hakuna jagi jekundu katika kiwanda kizima."

Jedida aliweka kopo mezani ndani ya mfuko wake. Mwambire aligeuza uso upande wa ukuta, upesi, kama aliyechomwa.

"Dada yako alifanya kazi ya chumvi miaka mingapi?"

"Mama, nakuomba."

"Miaka mingapi?"

"Tisa." Kisha akaweka kichwa juu ya meza, na maneno yakatoka yakiwa yamebanwa na mbao. "Niliingia nikamkuta shemeji anapiga kelele, na Kache amesimama, kopo li mkononi. Hajui kilichotokea. Meneja akaja akauliza, nani amefanya hivi, nani amefanya hivi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema ni mimi. Nikalipiga kopo teke likaenda chini ya meza, nikambeba shemeji."

"Kache hajui?"

"Hajui. Kwake yeye maji ni maji."

"Na pikipiki?"

"Pikipiki ilikuwa mnyororo tu. Tulishacheka nayo jioni ile ile."

Jedida alitamani angekuwa amemkuta mtu huyu ana hatia.

"Jumatatu ukilikubali shtaka hutoki, Mwambire. Unaelewa? Hutoki."

"Naelewa." Aliinua kichwa. "Mimi sina mke, sina mtoto. Kache ana watatu, na watoto ni wa mji ule wa mumewe, si wetu. Wakwe zake wamemwacha akae kwa kuwa amenilaani mbele yao. Wakijua ni mkono wake uliomwaga, watamfukuza na watoto watabaki. Na hilo ni la watu. Yeye mwenyewe je? Alimpenda mume wake, mama. Atailalia vipi mikono yake? Mimi ndani, kila mtu ana mtu wa kumchukia. Si ndiyo afadhali?"

"Sheria hainipi nafasi ya kuchagua lililo afadhali."

"Basi wewe binafsi. Niachie."

Jedida alikusanya karatasi zake. Kama angeweza kumwachia, angemwachia, na angeistahili aibu yake. Lakini faili lilikuwa na picha za mistari kwenye dumu, sahihi ya Linet, na maneno ya mzee wa langoni, na yeye ndiye aliyeyaweka humo. Angeweza pia kuyatoa. Alilifikiria jambo hilo akiwa amesimama mlangoni, kwa muda mrefu kiasi cha askari kumuuliza kama anahitaji kitu.

*

Boma la wakwe wa Kache lilikuwa Magarini, mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi, akimenya mihogo. Alimjibu Jedida salamu, akamwonyesha kwa kisu mahali mjane alipo. Kache alikuwa ameketi mkekani kwenye baraza, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mkono wa kulia umefungwa leso hadi kwenye kiwiko. Mtoto mdogo wa miaka miwili alilala pajani pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kache. Pole sana. Nimekuja kuchukua maelezo yako upya. Yale ya kwanza ni nusu ukurasa."

"Yule askari hakuuliza mengi. Alisema Mwambire keshasema."

"Kabla hujasema lolote ni lazima nikuambie jambo. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwa na wakili. Utakayosema nitayaandika, na yanaweza kutumika kortini, hata dhidi yako."

"Ninyamaze kwa nini? Mimi nimefiwa, sikuficha kitu." Kache alisogeza mtoto. "Ni yeye ndiye aliyeficha. Simwiti ndugu tena, mama. Nilimbeba mgongoni yule. Mwandike hivyo."

Jikoni kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Tuanze asubuhi ile," Jedida alisema. "Wewe kazi yako ni kushona magunia. Ulifikaje kwenye chumba cha kuchanganyia?"

"Kambi aliniita. Alisema potashi imeshika ukoko, na lori lataka kujazwa, na meneja amefura. Mwenzake wa zamu alikuwa hajaja. Akasema, njoo unipe mkono."

"Ulikuwa umewahi kuingia chumba kile?"

"Sijawahi. Si kazi yangu."

"Kuna bango ukutani. Uliliona?"

"Niliona magunia. Na hata ningeliona, mimi si msomi."

"Endelea."

"Kambi akaanza kupiga kwa nondo. Ukoko mgumu, hauingiliki. Jasho likawa linamtoka. Nikamwambia, ngoja, bwana wee, wapoteza nguvu bure." Kwa mara ya kwanza uso wa Kache ulilegea, ukawa karibu na tabasamu. "Alikuwa hajui kazi za chumvi, yule. Alikuwa mtu wa mahindi. Nikatoka nikachota maji kwenye tangi la nje."

"Kwa chombo gani?"

"Kopo langu. Natembea nalo tangu chumvini, ndilo la kunywea."

"Kambi alikuona ukilileta?"

"Alikuwa ameinama, yuapiga. Alikuwa amenipa mgongo."

"Nionyeshe ulivyosimama."

Kache alimlaza mtoto mkekani, akasimama. Alionyesha bila haraka, mwili ukiijua kazi kuliko ulimi. Mguu wa kushoto mbele. Mkono wa kulia ukapita begani pa mtu asiyekuwepo, ukainama, ukamimina pale pale nondo ilipokuwa ikipiga, kwa ukamilifu wa mtu aliyefanya hivyo siku zote kwa miaka tisa.

"Hivyo. Wamimina penye ufa, si pembeni. Papo hapo pipa likafoka. Ile tindikali ya Mwambire."

"Fungua leso hiyo, naomba niuone mkono."

Aliifungua. Matone ya kuungua yalikuwa nje ya mkono, kuanzia kifundoni hadi kwenye kiwiko, mengine yamekauka, mengine yakitoa maji. Jedida aliyachora kwenye karatasi, akaandika vipimo. Hakuwa tena anahitaji kitu kingine. Aliandika maelezo yote kwa mwandiko wa pole pole, kurasa mbili na nusu, na kila sentensi ilikuwa ya Kache.

"Sheria inataka nikusomee, kisha utie kidole. Kama kuna neno ambalo si lako, unanikatiza."

Alisoma. Mwito wa Kambi, ukoko, nondo. Alipofika chini ya ukurasa wa kwanza aliuona mstari unaofuata, na ikampitia akilini kwamba Kache hajui kusoma. Angeweza kuuruka. Jumatatu karatasi ingefika kwa kiongozi wa mashtaka na kufanya kazi yake, na mwanamke huyu angepata kusikia kutoka kinywa cha mtu mwingine, siku nyingine. Jedida aliona haya kwa wazo hilo, akaugeuza ukurasa.

"'Nikapitisha mkono wangu juu ya bega la mume wangu,'" alisoma, "'nikamimina kopo moja la maji kwenye ufa. Papo hapo pipa likafoka.'"

"Ndivyo," Kache alisema.

"'Sikuona mtu mwingine chumbani kabla ya hapo. Ndugu yangu Mwambire aliingia baadaye.'"

"Ndivyo."

Jedida alisoma hadi mwisho. Kache alikuwa akitazama mkono wake mwenyewe.

"Mama, mbona umetaka nikuonyeshe nilivyosimama? Mbona umepima mkono wangu? Kwani maji yana nini?"

Kulikuwa na namna nyingi za kujibu. Jedida alichagua ile fupi.

"Potashi ndiyo inayotiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi juu yake. Yakitiwa, yanachemka hapo hapo na kuruka. Hakukuwa na tindikali ndani ya pipa lile, Kache. Nimepima."

Mtoto aligeuka usingizini. Kache aliuinua mkono wa kulia akautazama upande huu na upande ule, kama kitu alichoazimwa na sasa hajui amrudishie nani.

"Mwambire alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoingia akakuona umeshika kopo."

"Na mimi nikamlaani. Nikamlaani mbele ya kaburi la mtu niliyemuua mimi."

"Hukukusudia. Nitaliandika hilo, na kiongozi wa mashtaka atalisoma." Jedida alisikia jinsi maneno yake yalivyokuwa mepesi. Hakujua kiongozi wa mashtaka angeamua nini. Huenda angeiachilia kesi, huenda angemfungulia Kache shtaka dogo la kusababisha kifo kwa uzembe. Kiwanda kingefunguliwa kwa vyovyote vile, na bango lingebaki Kiingereza.

Aliweka sahani ya wino mkekani. Kache alibonyeza dole gumba la kulia kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi laini, bila mstari hata mmoja. Akajaribu tena, likatoka vile vile.

"Chumvi ililila zamani," Kache alisema. "Hata kitambulisho kilinisumbua."

"Jaribu la kushoto."

La kushoto lilitoa mistari michache, hafifu. Jedida alipuliza wino ukauke, akaikunja karatasi.

"We Kache!" mama mkwe aliita kutoka jikoni. "Muulize huyo afande, huyo mbwa wa kwenu atanyongwa lini?"

Kache alimfunika mtoto kwa leso iliyokuwa imefunga kidonda. Kisha akainuka, na kabla Jedida hajapata la kusema alikuwa amekwisha kushuka barazani, akipita uani kuelekea jikoni, mkono ukiwa wazi kwenye jua.

"Hanyongwi, mama," alisema. "Weka kisu chini unisikilize. Na waite na watoto."